Feni, Vifaranga na Siku ya Mwisho ya Juni

Ukimwambia mtu wa Bomet kwamba kompyuta yako imezimika kwa sababu ya joto, atakushika paji la uso kwanza aone kama ni malaria inayosema. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwetu, upande wa Silibwet, ukungu wa Juni hulala juu ya chai hadi wachumaji wawe wamejaza vikapu vya kwanza, na mgeni akibisha hodi huvutiwa kiti karibu na jiko kabla hajataja kilichomleta. Joto kwetu ni kitu cha kutafutwa. Kwa hiyo nikisimulia yaliyoipata kompyuta yetu, msomaji asimwone mtu wa nyumba hii kuwa mjinga. Kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri.

Kompyuta ililetwa na bonasi. Mkulima wa KTDA hulipwa kidogokidogo kila mwezi kwa kilo za majani mabichi alizopeleka kituoni, kisha mwaka wa hesabu ukifungwa mwisho wa Juni, kinachobaki baada ya kiwanda kuuza chai na kutoa gharama zake humfikia kwa mkupuo, kwa kawaida Oktoba. Mwezi huo mafundi wa mabati huku hawalali. Baba Watoto yeye alishuka kwenye matatu ya Nairobi akiwa amepakata kompyuta ya mezani, nyeusi, nzito, ya kundi lile lililotumika ofisini Uingereza miaka kadhaa, likapakiwa kwenye kontena, likauzwa tena Nairobi kwa bei ya mbuzi wawili. Ilikuwa ya binti yetu, kifunguamimba, aliyemaliza kidato cha nne akawa anangoja chuo. Tukampa kona ya sebule na printa, naye akabandika karatasi mlangoni: eCitizen, HELB, KUCCPS, KRA, kuchapisha, kutoa kopi. Saiba ikafunguliwa.

Kona yenyewe ilikuwa kati ya ukuta na kabati la vyombo. Mgongo wa mashine ulikaribia kugusa ukuta, maana Baba Watoto hapendi nyaya zionekane. Juu yake mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kogo na mimi humwita Mama, akatandika kitambaa. Aliyewahi kuketi kwenye sebule ya Kenya anakijua kitambaa ninachokisema: cheupe, cha kufumwa kwa kroshia, chenye maua pembeni, ndugu wa vile vilivyo juu ya kila kochi, redio na televisheni. Kilikuwa kirefu, kikaanguka mbele na nyuma hadi katikati ya mashine. Kwa Kogo, kitu kisicho na kitambaa ni kitu ambacho hakijakaribishwa nyumbani.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na feni tatu. Moja ilikuwa kwenye kisanduku cha umeme. Ya pili ilikaa juu ya prosesa, imefungwa kwenye bonge la alumini lenye mapezi membamba yaliyopangwa karibukaribu. Ya tatu, ya nyuma, kazi yake ni kutoa nje hewa iliyokwisha kupata moto ili mpya iingie kwa matundu ya mbele. Kompyuta ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1981, ilitosheka na feni ya kisanduku cha umeme peke yake. Prosesa yake ilikaa wazi bila hata kipande cha bati juu. Ilipofika Pentium ya mwaka 1993, starehe hiyo ilikuwa imekwisha. Prosesa ya kompyuta ya siku hizi ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi kwanza, ikijaribu kujiponya, na isipopona hujizima papo hapo bila kuaga.

“Feni za nini,” Baba Watoto aliuliza binti yake alipomweleza haya, “na Bomet yenyewe ni friji?”

Mimi ni mwalimu wa sayansi, na swali la namna hiyo halinipiti hivi hivi. Nilichukua daftari. Feni huhesabu ujazo, haihesabu uzito. Ikizunguka kwa kasi ileile, itasukuma ujazo uleule wa hewa Mombasa na Bomet. Lakini hewa ya kwetu ni nyepesi: kwenye mita 2,000 uzito wake hupungua kwa karibu asilimia 18 kuliko ilivyo pwani, na kinachobeba joto ni uzito. Tuseme prosesa ya Mombasa, kwenye chumba cha nyuzi 30, inapanda nyuzi 40 juu ya chumba, inafika 70. Prosesa ileile ikiletwa Silibwet kwenye chumba cha nyuzi 18 itapanda, kwa hesabu ya juujuu, karibu nyuzi 48 au 49, kwa sababu hewa inayoipitia ni hafifu. Inafika 66 au 67. Baridi yote hii tunayojivunia, ya kuvalia sweta mbili, imetupatia nyuzi tatu au nne tu. Jumlisha jiko, jumlisha wateja waliojazana sebuleni, na hata hizo zimekwenda.

Baba Watoto aliisoma hesabu, akanirudishia daftari. “Mwalimu,” akasema, “hiyo ni ya shuleni.”

Aliyeigundua faida ya mashine ile alikuwa paka. Alianza kulala nyuma yake, kati ya sanduku na ukuta, palipokuwa na uwazi wa kupenya yeye tu. Kogo hapitwi na mahali paka anapolala. Mwezi Mei alikuwa ameagiza vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, na kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi kati ya 32 na 35 mchana na usiku. Makaa ya kuwapasha moto ni pesa. Kogo akaingiza mkono nyuma ya kompyuta, akausikia upepo vuguvugu ukitoka, akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi.

“Na hii inazimwa saa ngapi?” akauliza.

Kompyuta ikavutwa kutoka ukutani kiasi cha katoni kupita. Vifaranga wakawekwa kwenye katoni, chini maranda ya seremala, juu chandarua kuukuu. Binti alilalamika, ila si sana, maana Kogo ndiye mtaji wa karatasi za printa. Na kusema kweli mpango ule ulifanya kazi kuliko wowote uliotangulia. Vifaranga walilala kwa starehe, na mashine iliyokuwa imebanwa mgongo ukutani ikapata, bila mtu yeyote kukusudia, nafasi ya kupumua. Paka tu ndiye aliyepata hasara.

Kisha feni ya nyuma ikaanza kulia.

Feni za bei ya chini huzungukia bushi, yaani mhimili mwembamba ndani ya kimrija cha shaba chenye tone la mafuta. Zikisimama wima huishi vizuri kiasi chake. Mafuta yakikauka kwa moto na vumbi, mhimili hugonga pembeni na feni huanza kunguruma, hasa asubuhi ya baridi, kisha ikipata moto hunyamaza na kukufanya uamini imepona. Ya kwetu ilianza kwa kukohoa, ikaendelea kwa kukoroma, na ilipofika Juni mteja alilazimika kupaza sauti kutaja namba yake ya kitambulisho, jambo ambalo si zuri sebuleni penye watu.

Baba Watoto aliamua kulimaliza mwenyewe. Alimpigia mtu anayemjua aliye na kibanda karibu na Luthuli Avenue, Nairobi, naye akatuma picha za feni kwa WhatsApp. Hapo akaja kushauriana na kitindamimba wetu, wa darasa la sita. Ukiniuliza mimi, ushauri ulikwisha dakika ile. Mtoto alionyesha ile yenye taa za rangi saba.

“Hii inapoza zaidi, Baba.”

“Umejuaje?”

“Si inawaka?”

Pesa ikaenda kwa M-Pesa, feni ikaja na matatu kupitia Narok, ikafika jioni ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Plagi yake haikuingia. Waundaji kadhaa wa mashine za ofisini hutumia plagi yao wenyewe, ya pini tano mahali ambapo dunia nzima hutumia tatu au nne, na feni ya kwetu mpya haikuwa hata na hizo. Ilikuja na plagi nene ya umeme tu, ya kuzunguka kwa kasi moja tangu kuwashwa hadi kuzimwa. Baba Watoto aliunga kwenye waya wa kisanduku cha umeme. Ikazunguka. Taa zikawaka kijani, zambarau, nyekundu. Akaifunga nyuma kwa skrubu nne, uso wake mzuri ukitazama nje, ili mtu anayeingia sebuleni aone rangi zikicheza ukutani. Kitindamimba alipiga makofi.

Sasa, feni ina mbele na nyuma. Upande mzuri, ulio wazi, wenye mabawa yanayoonekana vizuri, ndio unaovuta. Upande wenye mikono ya plastiki inayoishika mota, na kibandiko katikati, ndio unaosukuma. Nyingi huwa na mishale miwili midogo kwenye fremu: mmoja huonyesha mabawa yanavyozunguka, wa pili hewa inavyokwenda. Ukiugeuza uso mzuri uelekee nje kwenye feni ya nyuma, umeifanya iingize hewa badala ya kuitoa. Na juu yake tu pale ilikuwepo feni ya kisanduku cha umeme, inayotoa. Hewa moto ikatoka juu, ikavutwa tena chini, ikarudi ndani ikiwa na moto zaidi.

Dalili ya kwanza haikutoka kwa kompyuta. Ilitoka kwenye katoni.

“Mwalimu,” Kogo aliniambia asubuhi, “vifaranga wanatetemeka.”

Niliweka mkono. Upepo upo, lakini wa baridi, na unaelekea kule kusikotakiwa. Nilimwambia Baba Watoto. Akasema feni mpya ina nguvu, ndiyo maana imepoza mpaka nyuma, na kwamba hiyo ni ishara ya ubora. Kogo akaongeza maranda na kuwafunika vizuri zaidi. Vifaranga kwa baridi wakakusanyika mahali pamoja wakipigapiga vibawa, manyoya yao ya utotoni yakawa yanaruka, na kila kilichoruka kikaingia ndani ya mashine.

Tena kila stima ilipopotea na kurudi, kompyuta ilikataa kuwaka yenyewe. Bodi kuu ilikuwa inaitafuta feni yake ya zamani, haioni, basi inaandika kwenye skrini kwamba feni imekufa na kungoja mtu abonyeze F1. Feni nzuri huwa na waya wa kuirudishia bodi habari, mipigo miwili kwa kila mzunguko. Yenye rangi saba haikuwa na la kusema. Siku za shule, sisi wote tukiwa nje, aliyebaki nyumbani ni Kogo. Akafundishwa. Stima ikirudi, anatoka jikoni, anafuta mikono, anabonyeza F1, anarudi kwenye mboga zake. Alilifanya kwa heshima, na hakuwahi kuuliza ni la nini.

Mambo yakawa hivyo hadi tarehe 30 Juni.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa tarehe hiyo. Ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya kodi ya mwaka uliopita, na mwenye PIN ya KRA lazima awasilishe hata kama hakupata senti. Faini ya mtu binafsi ya kuchelewa huanzia shilingi 2,000. Kuanzia mchana sebule yetu ilijaa: walimu wenzangu, vijana wa boda boda, makarani wa vituo vya kupimia chai, mama mmoja na wanawe watatu wasio na kazi lakini wenye PIN. Nje kulikuwa na mvua na baridi. Madirisha yalifungwa. Jiko la makaa lililetwa katikati kwa ajili ya wazee. Kitambaa cha Kogo kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi kwa heshima ya wageni.

Mteja wa tano au wa sita alikuwa anasoma neno lake la siri kwa kunong'ona, skrini ikawa nyeusi.

“Stima imepotea?”

“Taa si ndiyo ile inawaka?”

“Basi tokeni.”

“Tokeni zikiisha, taa inawaka na nini?”

Binti akawasha tena. Ikaja, akabonyeza F1, mteja akarudi kwenye neno la siri, skrini ikafa. Mwalimu mwenzangu akasema ni virusi. Wa boda boda akasema ni mtandao wa KRA, umeelemewa na unarudisha mzigo kwa wananchi. Kogo alisogea, akaigusa mashine kwa kiganja chake, juu ya kitambaa, akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema imeshikwa na baridi, aletewe blanketi. Namshukuru Mungu blanketi lilikuwa limelowa.

Palikuwepo mzee wa kanisa, mwenye PIN na kilo nyingi za chai. Alipendekeza maombi. Aliomba kwa utaratibu, akianzia na mvua, akapitia bei ya majani, barabara, vijana na pombe, hadi akafika kwenye kompyuta. Aliposema amina, binti akabonyeza kitufe, na mashine ikawaka ikatulia. Sebule nzima ikasema amina ya pili. Mimi nilijua kilichotokea: bonge la alumini lilikuwa limepata muda mzuri wa kupoa. Lakini mkwe wa nyumba haanzi kufundisha fizikia baada ya maombi. Ripoti nne zikapita. Ikazimika. Wateja wakamgeukia mzee wa kanisa, na mmoja akamwomba aombe tena, kwa urefu uleule.

Shemeji yangu, mdogo wake Baba Watoto, aliingia hapo akitoka zamu. Majani ya huku kwetu huenda Kapkoros au Tirgaga, na yeye ni mtu wa kiwandani, sehemu ya kunyausha. Nguo zake hunuka chai mbichi hata Jumapili. Kabla chai haijakatwa wala kuchachushwa, majani humwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa iliyo mwisho wa kitanda husukuma hewa chini ya wavu ipande kupitia majani kwa saa nyingi hadi yapoteze maji na kulegea. Kazi ya shemeji ni kuangalia hewa isiyoonekana. Hakuuliza lolote juu ya virusi. Alichana kipande cha karatasi kwenye daftari la kitindamimba, akakipeleka nyuma ya mashine. Karatasi iliruka kutoka vidoleni ikagandia kwenye wavu wa feni, taa zikaimulika zambarau.

“Nani alifunga hii?”

Hakuna aliyejibu. Baba Watoto alikuwa anachochea jiko.

“Inavuta,” shemeji akasema. “Ya nyuma hutoa.”

Akakiondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani mwa mama yake. Ni yeye tu angeweza kulifanya hilo. Mimi kama mkwe ningekufa na mashine yangu kabla sijathubutu. Wakafungua ubavu. Mapezi ya alumini hayakuonekana. Kulikuwa na manyoya ya vifaranga, maranda, nyuzi za kroshia, na vumbi lililoshikana kwa masizi ya jikoni, yote yamebanwa na feni ya prosesa mpaka yakawa kitu kimoja. Feni yenyewe ilikuwa inazunguka vizuri kabisa.

“Hivi ndivyo kitanda kinavyokudanganya,” shemeji alisema, akiongea sasa na sebule nzima. “Majani yakirundikana mahali, hewa haipigani nayo. Inapita pale yalipo machache. Unaona feni inazunguka, unasema kazi inafanyika, kumbe nusu ya majani bado mabichi.”

Akayatoa yale manyoya kwa brashi ya kupakia kiwi, akafungua skrubu nne, akaigeuza feni. Taa zikawa zinawaka kwa ndani, zisionwe na mtu. Kitindamimba alinuna. Karatasi ikajaribiwa tena, ikasukumwa nje. Katoni ikapata joto lake, na ripoti ya mwisho iliingia dakika chache kabla ya saa sita ya usiku, ya mzee wa kanisa, aliyewaachia wengine wote watangulie.

Hadithi ingeishia hapo kama Baba Watoto angekubali kwamba usafi umekwisha. Jumamosi iliyofuata aliazima blowa ya gereji. Kuisafisha kwa upepo ni jambo jema, lakini mabawa ya feni hushikwa kwa kidole au kijiti yasizunguke. Feni iliyoundwa kwa mizunguko elfu mbili au tatu kwa dakika ikipulizwa na blowa hupita mbali mwendo wake, beringi huumia, na mota inayozungushwa kwa nguvu ya nje huanza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye bodi. Baba Watoto aliilenga ile ya prosesa. Ikatoa sauti kali, ikipanda, naye akafurahi kwamba sasa imefunguka. Tulipoiwasha ilikuwa inagonga. Ile ya rangi saba nayo ilishika njia hiyohiyo.

Hapo binti akasema ataenda Nairobi mwenyewe. Hakumwomba mtu ruhusa. Alisema tu, na baba yake akatafuta nauli.

Alizifungua feni zote mbili zilizoharibika, akazitia kwenye mkoba pamoja na ile ya awali ya plagi ya pini tano, akaenda nazo Luthuli. Hilo peke yake lilimwokolea nusu ya maneno, maana muuzaji hawezi kukuambia “itaingia tu” wakati unapima mbele yake. Alionyeshwa za taa. Alionyeshwa Noctua za Austria, za rangi ya maziwa na hudhurungi, zenye dhamana ya miaka 6. Akauliza bei, akashukuru kwa adabu. Alitaka kubwa kadiri itakavyowezekana, kwa sababu feni ya milimita 120 ina uso mara mbili na robo wa ile ya milimita 80, hivyo husogeza hewa ileile ikizunguka polepole, na feni ya polepole haikatizi mazungumzo. Lakini tundu la nyuma la sanduku letu ni la 92, na tundu halibishani. Alichukua ya 92 ya pini nne, ambayo bodi huiamuru iongeze au ipunguze mwendo kadiri joto linavyokwenda. Alikataa ya bushi, akatafuta yenye beringi ya majimaji, isiyogonga mapema na isiyopiga kelele za gololi. Akanunua waya mfupi wa kubadilisha pini tano kuwa nne. Kwa prosesa alipata feni na bonge lake vilivyotolewa kwenye mashine ya aina ileile iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, na pesti mpya ya kupaka kati ya prosesa na alumini. Jirani yetu alikuwa ameshauri dawa ya meno. Hufanya kazi, ni kweli, kwa siku chache, kisha hukauka na kuacha hali mbaya kuliko mwanzo.

Baba Watoto aligeuza bei yote kuwa kilo za majani mabichi, kama afanyavyo kwa kila kitu kuanzia karo hadi harusi za watu, akakaa kimya. Nilipita nyuma yake nikaona daftari langu liko mapajani mwake, limefunguliwa kwenye ile hesabu ya Mombasa.

F1 imestaafu. Kogo huiulizia. Kitambaa kiko juu ya printa, ambayo haina haja ya kupumua sana, naye ameridhika kwamba ndiyo yenye kazi nzito zaidi. Vifaranga walihamia kwenye sanduku lao lenye jiko dogo, baada ya binti kukataa katakata, na waliokua tayari wameanza kutaga. Mashine inakaa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, juu ya stuli badala ya sakafu, na soksi nyembamba ya nailoni imevutwa mbele ya matundu ya kuingizia hewa kuzuia vumbi. Soksi hufuliwa kila mwezi, mapezi hupigwa brashi kabla ya bonasi na kabla ya Juni. Blowa imerudishwa gereji.

Wewe uliye na kompyuta sebuleni, hata kama unaishi kwenye baridi kuliko yetu, chana kipande cha karatasi leo ukishike nyuma yake. Kikisukumwa, endelea na shughuli zako. Kikivutwa, tafuta bisibisi kabla ya wateja kufika.